Kupima Jinsi Maarifa ya Mimea Yanavyopita Kati ya Watu: Mwongozo Kamili kwa Wanaofanya Kazi Vijijini Moshi

Tafiti nyingi za mimea ya asili huishia kwenye orodha: jina la mmea, sehemu inayotumika, kazi yake, na idadi ya watu walioutaja. Orodha ya namna hiyo ina thamani, lakini haijibu swali linalowakera wazee wengi wa Kibosho, Uru na Marangu, yaani maarifa haya yanamfikia nani, yanapitia kwa nani, na yanakwama wapi. Kijiji kinaweza kuwa na mimea 100 inayojulikana, na bado maarifa hayo yote yakawa mikononi mwa watu watano ambao hakuna anayewauliza kitu. Kijiji cha jirani kinaweza kuwa na mimea 30 tu, lakini kila nyumba ikawa inaijua na watoto wakawa wanatumwa kuichuma. Ukihesabu mimea, kijiji cha kwanza kitaonekana tajiri zaidi. Ukihesabu mapito ya maarifa kutoka mtu hadi mtu, utaona ni kipi kitakachokuwa bado na maarifa hayo miaka 20 ijayo.

Mwongozo huu unahusu kuhesabu mapito hayo. Umeandikwa kwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu, afisa misitu, afisa maendeleo ya jamii au kikundi cha wanakijiji wanaotaka kuifanya kazi hii kwenye miteremko ya Kilimanjaro au tambarare za chini yake. Namba zote zinazotumika katika mifano ya hesabu ni za kufundishia tu na hazitokani na kijiji chochote.

Amua kwanza unapima nini

Maarifa ya mmea mmoja yana tabaka kadhaa, na kila tabaka hupita kwa njia yake. Chukua msesewe, ambao kitaalamu ni Rauvolfia caffra na ambao gome lake hutiwa katika mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi. Kijana wa miaka 15 anaweza kulijua jina kwa sababu amelisikia tangu utotoni, lakini akapita chini ya mti wenyewe bila kuutambua. Anaweza kuutambua na kujua kwamba unahusika na mbege, lakini asijue gome hubanduliwaje wala huandaliwaje. Anaweza pia kuyaeleza yote hayo vizuri kabisa, ilhali hajawahi kushiriki kupika mbege hata siku moja. Mtafiti anayeuliza tu "Je, unaujua msesewe?" atawaweka vijana hawa wote katika kundi moja la wanaojua, na kosa hilo halitarekebishika baadaye kwa hesabu yoyote.

Kwa hiyo tenganisha tabaka tano tangu mwanzo: kujua jina, kuutambua mmea ukiwa hai, kujua matumizi, kujua maandalizi, na kuwa umewahi kuyafanya kwa mikono yako. Kila tabaka liwe na safu yake kwenye fomu. Kwa uzoefu wangu wa kazi hii, tabaka la maandalizi ndilo linaloeleza mengi zaidi, kwa sababu jina husikika popote, ilhali maandalizi hujifunzwa kwa kukaa karibu na mtu anayeyafanya.

Kisha punguza uwanja. Usijaribu kupima mimea yote, kwa sababu mahojiano yatakuwa marefu na watu watachoka kabla hujafika kwenye maswali yenye uzito. Chagua nyanja mbili au tatu zinazotofautiana kwa namna zinavyomilikiwa. Majani ya kulishia ng'ombe wa ndani, kwa mfano, ni maarifa ya kila nyumba, na hata watoto huyahitaji. Mimea inayotumika katika mbege hujulikana zaidi na wanawake wanaopika. Isale, mmea wa jamii ya Dracaena ambao Wachagga huupanda mipakani na kuutumia katika kuombana msamaha, una maana zake zinazoelezwa na wazee wa ukoo. Ukiweka nyanja hizi pamoja, utaona kwamba kijiji kimoja kinaweza kuwa wazi sana katika jambo moja na kufunga mlango katika jingine.

Ruhusa, ridhaa na mambo yasiyosemwa

Anza na taratibu za serikali. Utafiti huhitaji kibali, na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ndiyo yenye dhamana ya vibali vya utafiti nchini. Kazi inayogusa afya na tiba hupitia pia mapitio ya kimaadili, yakiwemo ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Wanafunzi hupata mwongozo kutoka vyuoni mwao. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, halmashauri, kata, ofisi ya mtendaji wa kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi hata kama unafahamiana na watu wa huko, kwa kuwa mwenyekiti aliyeambiwa mapema ndiye atakayekutetea pale mtu atakapouliza hawa wageni wanaandika nini.

Utafiti wa mapito ya maarifa una hatari ambayo utafiti wa orodha hauna. Hapa unaandika nani alimfundisha nani, na katika kitongoji chenye nyumba 60 mchoro wa uhusiano huo unatambulika hata ukiondoa majina yote. Bibi anayetajwa na watu 25 anajulikana na kila mtu. Ikiwa maarifa hayo ni ya tiba, mchoro utakuwa umemtangaza bila yeye kuomba. Tumia namba badala ya majina, weka daftari la kuoanisha namba na majina mahali tofauti palipofungwa, na usitoe mchoro wa mtandao hadharani bila wanaoonekana ndani yake kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu hawa kama inavyolinda za mtu mwingine yeyote.

Waganga na wakunga wa jadi wana maarifa ambayo hayatolewi kwa kila anayeuliza, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inatambua shughuli yao. Usiulize kipimo cha dawa wala mchanganyiko. Kwa lengo lako huhitaji siri hiyo. Unachohitaji ni kujua kama ipo, na kama kuna mtu anayerithishwa. Weka kwenye fomu jibu linalosema "anajua, ila hasemi", na usilihesabu kamwe kama "hajui". Ukichanganya hayo mawili, watu wenye maarifa mengi kuliko wote wataonekana katika jedwali lako kama wajinga, jambo ambalo ni dharau kwao na ni uharibifu wa data.

Kuhusu shukrani, zawadi ndogo inayofanana kwa kila nyumba, kama sukari au sabuni, inatosha. Usilipe kwa idadi ya mimea inayotajwa, kwani orodha zitarefuka kwa ajili ya malipo.

Chagua kitongoji kizima

Tafiti za kawaida huchagua watu wachache kutoka vijiji vingi. Kwa kupima mapito ya maarifa njia hiyo haifai, kwa sababu ukimhoji mama mmoja na kumwacha wifi yake anayemuuliza kila siku, umeukata uzi wenyewe unaoutafuta. Chukua kitongoji kimoja, au mtaa mmoja ikiwa uko ndani ya Manispaa ya Moshi, kisha uingie kila nyumba. Ndani ya kila nyumba zungumza na watu wawili au watatu wa vizazi tofauti, kuanzia watoto wa miaka 10 kwa ridhaa ya wazazi wao na ya watoto wenyewe. Ikiwa nguvu zako ni chache, ni bora kitongoji kimoja kidogo kilichokamilika kuliko vijiji vitano vilivyodonolewa.

Kwenye fomu ya nyumba andika mambo ambayo huku mlimani yana uzito wake. La kwanza ni mahali kila mtu mzima alipozaliwa. Kwa desturi mwanamke wa Kichagga huolewa nje ya ukoo wake na kuhamia kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na miti, cha upande wa mume, na hivyo huja na maarifa ya kwao na kukuta mengine kwa mama mkwe. Fomu yenye neno "mzazi" pekee itazika habari hiyo. Tenganisha mama, mama mkwe, bibi mzaa mama, bibi mzaa baba, shangazi, wifi, jirani na rafiki. La pili ni lahaja inayozungumzwa nyumbani, kwa kuwa mmea mmoja unaweza kuwa na jina moja Machame na jina jingine Rombo, na usipokuwa mwangalifu utahesabu mimea miwili pasipo na miwili. La tatu ni kama familia ina shamba la tambarare mbali na kihamba, na ni nani anayekwenda huko, kwa sababu mimea ya huko ni tofauti na wanaoijua ni watu tofauti.

Panga wakati vizuri. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mlimani huteleza na watu wako shambani. Desemba ina upekee wake: wana na mabinti wanaoishi Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani, na huo ndio wakati pekee wa kuwapata kwa pamoja wale walioondoka na maarifa au walioondoka bila kuyapata. Ningeshauri mahojiano makuu yafanyike katika miezi ya kiangazi, Julai hadi Septemba, kisha siku chache za Desemba zitengwe kwa wanaorudi, mapema kabla ya sikukuu yenyewe, maana baadaye hutapata mtu wa kukaa naye.

Orodha huru

Mahojiano yaanze na ombi moja la wazi: "Naomba unitajie mimea yote unayoikumbuka inayotumika hapa nyumbani kwa matatizo ya tumbo." Andika kila jina kwa mfuatano uleule linavyotoka mdomoni. Usisaidie, usipendekeze, na usimruhusu mtu mwingine aliyekaa karibu achangie. Hilo la mwisho ni gumu kwa sababu ya ukarimu wetu. Mume hujibu kwa niaba ya mke, na bibi humkumbusha mjukuu. Waombe kwa heshima kwamba kila mmoja atapata zamu yake, na inapowezekana wasaidizi wawili wafanye kazi kwa wakati mmoja katika pembe mbili za kihamba.

Mfuatano una maana kwa kuwa kinachotajwa mapema ndicho kilicho karibu na fikra. Kipimo cha Smith hutumia mfuatano huo. Kwa kila mtu, chukua urefu wa orodha yake, toa nafasi ya mmea, jumlisha moja, kisha ugawanye kwa urefu wa orodha. Mama aliyetaja mimea mitano na kuuweka mchaichai nafasi ya tatu anatoa 5 toa 3 jumlisha 1, yaani 3, ikigawanywa kwa 5 ni 0.6. Mwanawe aliyetaja minne na kuanza na mchaichai anatoa 1. Jirani ambaye hakuutaja anatoa 0. Wastani wa watu hao watatu ni 1.6 kwa 3, yaani 0.53. Fanya hesabu hii kwa kila rika peke yake. Mmea wenye thamani kubwa kwa wazee na ndogo kwa vijana ni mmea ambao mapito yake yanafaa kufuatiliwa kwa karibu, na hapo ndipo kazi halisi inapoanzia.

Matembezi kihambani

Baada ya orodha, tembea na kila mtu njia moja iliyopangwa ndani ya vihamba viwili au vitatu vilivyokubaliwa, na mbele ya kila mmea uliofungwa utepe wenye namba uliza tabaka tano zilezile. Njia iwe moja kwa wote ili majibu yalinganishwe. Mmea hai ni bora kuliko picha ya simu. Picha ya mringaringa inafanana na miti mingine mingi yenye majani mapana, lakini mtu akiwa chini ya mti hutazama gome, huinua jicho kwenye matawi, huokota ua lililodondoka, na mara nyingine hupasua jani alinuse kabla hajajibu. Watoto hasa hutambua kwa pua na vidole. Nimeona watoto wakishindwa kabisa kwenye picha na kisha kuitambua mimea ileile mara tu walipopewa majani wayasugue viganjani.

Mimea ya msituni ni suala jingine. Msitu wa mlima uliokuwa hifadhi ya misitu ulijumuishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na mtu aliyezaliwa baadaye hana nafasi ya kuingia na bibi yake kuchuma. Mtu huyo asipoutambua mmea wa msituni, si lazima mnyororo wa mafunzo uwe umekatika nyumbani. Huenda kilichoondoka ni darasa lenyewe. Kwa hiyo kila mmea uwekewe alama ya mahali unapopatikana leo: kihambani, kando ya mfereji, tambarare, sokoni au msituni, na majibu yachambuliwe kwa makundi hayo.

Kila mmea uchukuliwe sampuli ya ushahidi. Tawi lenye ua au tunda libanwe kati ya magazeti na mbao, magazeti yabadilishwe kila siku hadi likauke, na lebo iandikwe jina la kienyeji, lahaja, mahali, tarehe na namba. Usichume ndani ya hifadhi bila kibali. Utambuzi wa kitaalamu unaweza kufanyika Arusha, kwenye Hebaria ya Taifa, hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iliyopo Ngaramtoni.

Maswali ya chanzo

Sehemu hii ndiyo kiini cha kazi nzima, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi kuliko zote. Swali "Nani alikufundisha?" hupata jibu la heshima: "wazee", "mababu", "mama". Anayejibu hadanganyi. Anatoa jibu ambalo mtu mwenye adabu anapaswa kulitoa. Ili kupata tukio lenyewe, uliza juu ya tukio. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi. Mara ya mwisho mtu wa hapa nyumbani alipoumwa tumbo, mlifanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Mjukuu alikuwa anaharisha, nikachuma majani ya mpera."

"Na hilo la mpera ulilipata wapi?"

"Mama mkwe ndiye aliyenionyesha nilipoolewa hapa. Kwetu Rombo tulikuwa na lingine."

"Siku hiyo ya mjukuu, kulikuwa na mtu uliyemuuliza kabla?"

"Nimuulize nani? Wao ndio wanakuja kuniuliza. Hata juzi wifi yangu wa nyumba ya chini alikuja."

Mistari hii michache imetoa mambo matatu yanayoandikwa kila jambo katika mstari wake: kutoka mama mkwe kwenda kwa bibi (mafunzo ya kwanza, baada ya ndoa); kutoka bibi kwenda kwa wifi (ushauri wa hivi karibuni); na maarifa ya Rombo yaliyoachwa njiani, ambayo yanastahili swali la ziada. Kila mstari uwe na namba ya mtoaji, namba ya mpokeaji, mmea, tabaka la maarifa, aina ya uhusiano, umri wa mpokeaji wakati huo, na mahali. Programu ya KoboToolbox inafanya kazi kwenye simu bila intaneti na inakubali fomu za Kiswahili, ingawa daftari lililopigwa mistari vizuri linatosha kabisa kwa kitongoji kimoja.

Kwa kila mtu hakikisha umepata pande tatu: alijifunza kwa nani mara ya kwanza, alimuuliza nani mara ya mwisho, na ni nani aliyemuuliza yeye. Ruhusu vyanzo visivyo watu wa kitongoji: mwalimu, mhudumu wa afya, redio, makundi ya WhatsApp, muuza dawa za asili wa soko la Mbuyuni au Kiboriloni, na wafanyabiashara wa Kimasai wanaotembeza mizizi na magome. Watu huona haya kusema wamejifunza kutoka redioni wanapodhani mtafiti anatafuta mambo ya kale. Waambie mapema kwamba majibu yote yana uzito sawa. Mlonge na mwarobaini asili yake ni Asia, na inapendeza kuulinganisha mkondo wa maarifa yake na ule wa msesewe au isale, kwa kuwa mmea uliokuja mara nyingi huja na njia zake za kufundishana.

Hesabu

Panga kwanza mistari yote kwa mikondo mitatu iliyoelezwa na watafiti Cavalli-Sforza na Feldman mwaka 1981. Mkondo wa wima ni kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto; wa mshazari ni kutoka kwa mtu mwingine wa kizazi cha juu, kama shangazi au mwalimu; wa mlalo ni kati ya watu wa rika moja. Mama mkwe humweka mtafiti njia panda. Mimi humhesabu katika mshazari lakini katika kundi lake mwenyewe, ili asomwe peke yake, na ningewasihi wengine wafanye hivyo.

Pili, linganisha orodha za watu wawili wawili kwa kipimo cha Jaccard: mimea wanayoishiriki, igawanywe kwa mimea yote inayotajwa na angalau mmoja wao. Bibi ana mimea 18, mjukuu ana 10, na 7 ni ya pamoja. Jumla bila kurudia ni 18 jumlisha 10 toa 7, yaani 21, na jibu ni 7 kwa 21, au 0.33. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Lazima uilinganishe na wastani wa wazee na vijana wa kitongoji hichohicho wasio na undugu. Ikiwa wasio ndugu nao wanapata 0.31, basi mjukuu hakupata maarifa kwa bibi yake pekee. Ameyapata kijijini, kwa wote. Ikiwa wasio ndugu wanapata 0.12, maarifa yanasafiri ndani ya nyumba na ukoo, na nyumba isiyo na mzee inabaki mikono mitupu. Tofauti hii, kwa maoni yangu, ina faida kwa kijiji kuliko kipimo kingine chochote katika mwongozo huu.

Tatu, jenga mtandao wa nani alimfundisha nani. Kitongoji chenye watu 40 waliohojiwa kina uwezekano wa njia 40 mara 39, yaani 1,560. Ukipata njia 78, msongamano, yaani njia zilizopatikana zikigawanywa kwa zinazowezekana, ni 0.05. Kisha hesabu ni watu wangapi wanamtaja kila mtu kama chanzo, na ni njia ngapi zimethibitishwa na pande zote mbili; njia inayotajwa na mpokeaji lakini mtoaji haikumbuki mara nyingi ni ya mafunzo ya kuona, yasiyo na maneno, kwa hiyo usiifute, iwekee alama tu. Mwisho, waondoe kwenye jedwali watu watatu wanaotajwa zaidi, na uhesabu ni wangapi wanaobaki bila chanzo hata kimoja ndani ya kitongoji. Programu ya Gephi huchora mitandao hiyo bila malipo, na programu ya takwimu ya R ina vifurushi vya hesabu hizi zote.

Nne, kuna vipimo vya makubaliano, yaani watu wanavyokubaliana kiasi gani katika majibu yao. Cha Trotter na Logan cha mwaka 1986 huchukua idadi ya taarifa za matumizi kwa tatizo fulani, hutoa idadi ya mimea iliyotajwa kwa tatizo hilo, na kugawanya kwa idadi ya taarifa toa moja: taarifa 30 na mimea 6 hutoa 24 kwa 29, yaani 0.83. Mwaka huohuo Romney, Weller na Batchelder walionyesha namna ya kukadiria maarifa ya kila mtu kutokana na anavyokubaliana na wengine, kwa sharti kwamba kundi lote lina jibu moja la msingi. Katika vijiji ambako nusu ya wanawake wamezaliwa kwingine sharti hilo lichunguzwe kabla ya kutumika.

Kusoma matokeo bila kuyalazimisha

Makubaliano makubwa si ushahidi kwamba watu wamefundishana. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, mkoani Arusha, kupata kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kilichotokana na mugariga. Mtu ambaye angepima makubaliano kuhusu mmea huo wakati ule angepata namba ya juu hata Moshi mjini, ilhali wengi wa waliokuwa wakiutaja hawakuwahi kuuona mti wenyewe na waliupata kwa habari na simulizi za barabarani. Tabaka la jina lilikuwa limejaa; tabaka la kuutambua na la maandalizi yalikuwa tupu. Ndiyo maana makubaliano yasomwe daima sambamba na mistari ya chanzo na tabaka tano.

Jihadhari pia na umri. Kijana wa miaka 20 anayejua machache kuliko mama wa miaka 50 huenda hajapoteza kitu. Maarifa ya tiba za watoto, kwa mfano, hujifunzwa pale mtu anapopata mtoto. Waulize wazee walijua nini walipokuwa na umri wa kijana huyo. Kumbukumbu si kipimo kamili, lakini hupunguza haraka ya kutangaza kwamba utamaduni umekufa, tangazo ambalo huwaumiza watu na mara nyingi halina msingi wa kutosha. Shimbwe Juu, huko Uru, ilitambuliwa mwaka 2011 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo kwa ajili ya mfumo wake wa kihamba, na kihamba kinachoendelea kulimwa ni mahali ambapo mafunzo yanaendelea kutolewa kila siku bila mtu kuyaita mafunzo.

Kurudisha na kurudia

Matokeo yarudi kijijini kabla hayajakwenda chuoni. Omba nafasi katika mkutano wa kitongoji, eleza mikondo mitatu kwa maneno na kwa kuchora mishale kwenye karatasi kubwa bila namba wala majina ya watu, na uwaulize waliohudhuria kama wanajitambua humo. Marekebisho yao ni data, yaandike. Orodha ya mimea iachwe kwa lahaja ya mahali hapo na kwa Kiswahili, nakala moja shule ya msingi na nyingine ofisi ya kijiji, ikiwa imeondolewa kila kitu ambacho mwenye nacho alisema kisiandikwe.

Kipimo kimoja huonyesha hali. Mwendo huonekana kwa kurudia. Rudi baada ya miaka mitano, kitongoji kilekile, msimu uleule, kwa maswali yaleyale neno kwa neno na njia ileile ya matembezi. Ndani ya sampuli yako tenga watu walioolewa au waliohamia katikati ya vipindi viwili, na waliofariki, kisha uangalie waliokuwa wakiwategemea sasa wanamuuliza nani.